Kutia Matiko Tindo ya Mawe: Isipinde, Isivunjike

Tindo zinazoletwa karakana kwetu hapa Kizota, Dodoma, huwa na ugonjwa mmoja kati ya miwili. Ama ncha imejikunja kama ukucha wa kuku, ama imekatika na kuacha jeraha la kijivu lenye punjepunje. Mwenye tindo ya kwanza alitumia nondo. Wa pili alipata chuma kizuri, akakipasha kikawa chekundu, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kikalia chwaa, naye akaondoka nacho moja kwa moja hadi kwenye miamba.

Kazi hii ya kutia matiko, yaani kukikaza chuma kwa moto na kukipoza ghafla, nimeieleza kwa mdomo na kwa maandishi mafupi, na bado watu wanarudi na vipande. Safari hii naiandika yote, pamoja na sababu za kila hatua. Usiruke hata moja. Inayorukwa kuliko zote ni ya saba, na hiyo ndiyo inayovunja tindo.

## Vitu vya kuandaa

- Kipande cha stebiliza ya gari (naieleza kwenye hatua ya 1), au springi ya kuzunguka, unene wa milimita 18 hadi 22, urefu wa sentimita 25.
- Mkaa wa mti mgumu, debe moja na nusu.
- Jiko la kufulia chuma: ringi ya gari iliyokandikwa udongo wa kichuguu, yenye bomba la chuma la kupitishia hewa.
- Mvukuto au feni ndogo. Kama una mtoto wa kukusaidia, wahenga walishasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
- Fuawe, na kipande cha reli kinatosha. Nyundo ya kilo moja au moja na nusu.
- Koleo lenye mikono mirefu.
- Sumaku ya spika mbovu, imefungwa kwenye waya mgumu.
- Mafuta ya alizeti lita tano, kwenye kopo refu la chuma lenye mfuniko. Ndoo ya plastiki hapana.
- Tupa iliyotumika lakini bado ina meno.
- Grainda, na msasa wa chuma.
- Donge zito la chuma, kama nati kubwa ya lori au kipande kingine cha reli.
- Miwani ya kazi, viatu vya ngozi, nguo za pamba, na debe la mchanga mkavu.

Kuhusu mafuta: wengi hutumia oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Moshi wake ni mbaya, una mabaki ya mafuta yaliyoungua na vumbi la metali zilizosagika ndani ya injini. Huku kanda ya kati alizeti tunalima wenyewe. Nunua yale mafuta meusi yasiyosafishwa sana, na ukiyachuja baada ya kila kazi yatakutumikia muda mrefu.

## Hatua ya 1: Kijue chuma chako

Hapa ndipo nusu ya watu wanapopotea kabla hata ya kuwasha moto. Chuma hakigeuki kuwa kigumu kwa sababu umekichovya. Kinageuka kwa sababu ndani yake kuna kaboni. Nondo ya kujengea ina kaboni kidogo, karibu asilimia 0.2 hadi 0.3. Ichovye mara kumi, itabaki laini. Springi na stebiliza nyingi zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.65, na zimechanganywa kidogo na silikoni, manganizi au kromi. Tupa ina zaidi ya asilimia 1, ndiyo maana inakwangua chuma kingine na ndiyo maana pia ukiidondosha kwenye sakafu inakatika.

Wazee walikiita chuma chenye kaboni ya kutosha pua. Siku hizi ukisema chuma cha pua dukani utapewa kisichoshika kutu, na hicho hatukitaki.

Kwa wauza vyuma chakavu omba stebiliza, lile pao lililopinda linalounganisha magurudumu ya kushoto na kulia chini ya gari. Naipendelea kwa sababu ina sehemu ndefu zilizonyooka. Angalia sehemu iliyokatwa: nyingine zina tundu katikati kama bomba. Hizo ziache.

Kisha pima kwa cheche. Gusisha chuma kwenye grainda ukiwa kivulini. Nondo hutoa michirizi mirefu ya njano yenye vipasuko vichache. Springi hutoa michirizi mifupi zaidi, na mingi hupasuka mwishoni kama vinyota. Chuma cha kumimina, kama dramu za breki, hutoa cheche fupi nyekundu zilizofifia, nacho hakifai kufuliwa kabisa kwa sababu kikigongwa hupasuka. Weka kipande cha nondo na cha tupa kando yako ulinganishe. Macho hujifunza haraka yakiona vitu vitatu kwa pamoja.

Mwisho, jaribio lisilodanganya. Kata kipande cha urefu wa kidole, kipashe mpaka sumaku ikikatae, kizamishe kwenye mafuta, kiache kipoe. Kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, kigonge. Kikivunjika kama biskuti, umepata chuma. Kikipinda, rudi sokoni.

Hatari: Usiweke motoni chuma kilichopakwa zinki au kung'arishwa kwa kromi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi na kutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni utatetemeka ukidhani ni malaria. Shokapu nayo usiitupe motoni ikiwa haijafunguliwa, kwa sababu mafuta na gesi vilivyozibiwa ndani huilipua.

## Hatua ya 2: Moto na kivuli

Kazi hii inasomwa kwa rangi, na jua la Dodoma la saa sita linaua rangi. Chuma cha nyuzi 800 ukikitazama juani unakiona cheusi, unaongeza moto, unakiunguza. Fanya asubuhi na mapema, jioni, au chini ya paa. Paa liwe bila kuta, kwani mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na upepo wetu wa Julai na Agosti utakusaidia kuiondoa. Kinga upande mmoja tu ili moto usiyumbe.

Jaza mkaa kina cha sentimita 15 au zaidi juu ya tundu la hewa. Chuma kilale katikati ya makaa, kisishuke hadi mdomoni mwa bomba. Pale chini hewa ni nyingi kuliko mkaa unavyoweza kuimaliza, na hewa iliyobaki hula chuma. Utaona magamba meusi yanabanduka. Kibaya zaidi huoni: kaboni ya juujuu inaungua pamoja nayo, na ngozi ya tindo inabaki kama nondo.

## Hatua ya 3: Fua ncha

Pasha sentimita saba za mwisho mpaka ziwe rangi ya chungwa. Gonga ukizungusha robo kila pigo mbili tatu, utengeneze ncha ya pande nne. Rangi ikishuka kuwa nyekundu iliyokolea kuelekea weusi, acha, rudisha motoni. Kugonga chuma kilichopoa hivyo kunatia nyufa ndogo ambazo utazijua siku tindo ikikatika.

Ncha usiifanye nyembamba. Watu wanaichonga kama msumari wakidhani itakata jiwe. Miamba yetu ni ya graniti, na ndani ya graniti kuna kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7, na chuma kilichotiwa matiko vizuri kipo karibu na 6 na nusu. Yaani jiwe linaishinda tindo yako, hata ungeichovya kwenye nini. Tindo hailikati jiwe. Inalipiga mahali padogo mpaka lifuate ufa wake lenyewe. Kazi hiyo inataka ncha nene yenye pembe ya karibu nyuzi 60.

Ukiona chuma kimekuwa cheupe na kinarusha cheche kikiwa bado motoni, kimeungua. Hakuna dawa. Kata sehemu hiyo, anza upya na kilichobaki.

## Hatua ya 4: Kitulize

Baada ya nyundo, chuma kina mkazo ndani na punje zake zimekuwa kubwa kwa sababu ya joto. Kipashe mpaka sumaku isikishike, kisha kisimamishe penye hewa tulivu mpaka weusi urudi wote. Rudia mara tatu. Maji yasikiguse, na usikilaze juu ya sakafu baridi.

Hatua hii inaonekana kama kupoteza mkaa. Ukitaka kuona kazi yake, vunja vipande viwili vya majaribio, kimoja kilichotulizwa na kimoja ambacho hakikutulizwa. Cha kwanza ndani ni laini kama hariri ya kijivu, cha pili kina punje kama sukari. Punje za sukari ndizo njia za ufa.

Kikipoa kabisa, kisawazishe kwa grainda. Acha ncha iwe butu, upana wa milimita mbili hivi. Makali utayatoa mwisho.

## Hatua ya 5: Pasha kwa ajili ya matiko

Pasha sentimita tano za mwisho polepole. Kila baada ya muda mfupi toa, gusisha sumaku, rudisha. Chuma huacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi. Hiyo ndiyo alama yako, haihitaji kipimajoto cha gharama. Ikishaacha kushika, ongeza kidogo tu, kama dakika moja kwenye makaa yenye hewa ndogo, mpaka rangi iwe ya nyanya iliyoiva vizuri, sawa pande zote. Hapo uko kati ya nyuzi 800 na 850.

Kinachotokea ndani ni hiki. Chuma kikiwa baridi, atomi zake zimejipanga kwa namna ambayo kaboni haina nafasi, kwa hiyo kaboni imejitenga kwenye vijisehemu vyake. Kikipata joto hili, mpangilio unabadilika, kaboni inaingia na kuenea kama chumvi kwenye mchuzi. Ukikipoza ghafla, kaboni haipati muda wa kutoka. Inanaswa humo humo, inaukaza mpangilio mzima, na hapo ndipo ugumu unapotoka.

Usipofika joto hilo, kaboni haijaingia, na hata ukichovya vizuri unapata tindo laini. Ukilipita sana, punje zinakua, na kazi yote ya hatua ya nne imepotea.

## Hatua ya 6: Zamisha

Kabla ya kupasha tindo uwe umeshayapasha mafuta moto. Chovya humo kipande cha nondo chekundu, koroga, mpaka nje ya kopo pawe na joto ambalo mkono unalivumilia sekunde mbili tatu tu, yaani nyuzi 50 hadi 60. Mafuta ya baridi ni mazito, hayazunguki haraka kwenye chuma.

Toa tindo, usisimame kupiga soga, izamishe wima, sehemu yote nyekundu iingie. Ichezeshe juu na chini. Usiichezeshe kushoto na kulia, kwani upande unaotangulia hupoa kwanza na tindo inapinda. Ikae humo mpaka vipovu viishe kabisa. Ukiitoa nusu juu ya mafuta ingali nyekundu, mafuta yatawaka.

Yakiwaka: funika kopo kwa mfuniko, au mwaga mchanga. Maji yasisogee hata karibu. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo na kukurushia moto usoni.

Kwa nini si maji, na ndoo iko pale pale? Kwa sababu chuma kikikaza kwa namna hii hutanuka kidogo. Ngozi ikikaza haraka wakati ndani bado ni laini na moto, kisha ndani kukatanuka baadaye, ngozi inapasuka. Manganizi na kromi zilizomo kwenye springi zinakipa chuma muda, kinaweza kukaza hata kikipozwa taratibu kwenye mafuta. Ukisikia mlio mdogo wa *tik* wakati wa kuchovya, hiyo ni sauti ya ufa. Usijifariji, itupe.

Ikipoa, pitisha tupa kwenye ncha. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, matiko yameingia. Ikiuma na kutoa unga, hayakuingia, rudi hatua ya tano. Pitisha sehemu mbili tatu, na ukwangue kwanza magamba, kwa kuwa ngozi ya juu iliyoungua inaweza kukudanganya.

## Hatua ya 7: Moto wa pili

Sasa una tindo ngumu kama kioo, na kama kioo itavunjika. Nilipokuwa najifunza niliichukua tindo ya namna hii nikiwa na haraka na kujisifu, nikaipiga kwenye jiwe mara tatu. Ya nne kipande cha ncha kiliruka kikaingia kwenye mkono wangu juu ya kiwiko. Kipo mpaka leo, daktari alisema kitulie humo. Kingepanda kidogo tu, kingeingia jichoni.

Fanya hatua hii saa hiyo hiyo. Tindo iliyolala usiku kucha na mkazo wote huo inaweza kupasuka yenyewe bila kuguswa.

Ng'arisha sentimita sita za mwisho kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, futa mafuta yote, usiguse tena kwa vidole. Pasha lile donge zito mpaka liwe jekundu, liweke juu ya fuawe, kisha lalisha shina la tindo juu yake, sentimita sita kutoka nchani. Ncha ibaki hewani. Zungusha polepole. Joto litatembea kuelekea nchani, na rangi zitatembea nalo. Rangi hizi ni utando mwembamba wa kutu unaotengenezwa na hewa: ukinenepa kidogo, rangi inabadilika, kama petroli juu ya maji.

- Njano ya majani makavu ya mwezi wa nane, nyuzi 220 hivi. Hii ni ya nyembe na vikwaruzo. Kwa jiwe bado ni kioo.
- Kahawia ya asali, karibu 250. Ya patasi za mbao.
- Zambarau ya ganda la zabibu iliyoiva, karibu 280. Hii ndiyo yetu.
- Bluu ya shingo ya njiwa, 295 hadi 310. Ya springi. Shina la tindo nyuma ya ncha liwe hivi.
- Kijivu, umepitiliza.

Zinatembea kwa mstari, njano ikiwa mbele na bluu nyuma. Ukiona zambarau imefika nchani, chovya ncha kwenye mafuta kusimamisha joto. Uwe tayari, kwa sababu kutoka kahawia hadi bluu ni sekunde chache. Watu hupitwa hapa kwa kuangalia simu.

Zikikupita na ncha ikawa kijivu, rudi hatua ya tano. Ikibaki njano, rudisha tu kwenye donge. Mimi hung'arisha upya na kurudia moto huu mara ya pili hadi zambarau ile ile.

Ndani, kaboni iliyonaswa imepata mwanya wa kutoka kidogo. Umepoteza sehemu ndogo ya ugumu, umepata uvumilivu mwingi. Pitisha tupa tena: sasa inateleza lakini inakwaruza kwa mbali. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 8: Kichwa na makali

Kichwa kinachopigwa nyundo hakitiwi matiko kamwe. Nyundo yenyewe ni ngumu, na vitu viwili vigumu vikigongana kimoja kinarusha vipande. Kwa vile stebiliza ilitoka kiwandani na ugumu wake, pasha kichwa peke yake kiwe chekundu, kisha kifukie kwenye majivu makavu kipoe hadi kesho. Ncha iache nje, imefungwa kitambaa chenye maji ili joto lisiifikie. Kisha zungushia ukingo wa kichwa kwa grainda usiwe na kona kali.

Toa makali ya ncha kwa grainda, kidogo kidogo, ukichovya majini kila mara. Bluu ikijitokeza wakati wa kunoa, grainda imeshafanya moto wa tatu ambao hukuuomba, na pale palipobadilika rangi ni laini.

## Kuijaribu

Chagua jiwe ambalo tayari lina ufa. Vaa miwani. Anza na mapigo mepesi ishirini, tazama ncha, kisha ongeza nguvu.

Ncha ikibutuka polepole na kubaki bapa, kazi imefaulu. Ikibomoka vipande vidogo, haikufika zambarau: rudia hatua ya saba pekee. Ikikunjika, ama rangi ilipita bluu, ama moto wa hatua ya tano haukutosha, ama chuma ni nondo iliyovaa jina la springi. Ikikatika nyuma zaidi, sentimita nne au tano kutoka nchani, tazama jeraha. Punje kubwa za sukari zinaonyesha uliiunguza au hukuituliza. Doa jeusi ndani ya ufa lilikuwapo kabla ya matiko, na limetokana na kugonga chuma kilichopoa, au na springi yenyewe iliyochoka barabarani kabla haijakufikia.

Sehemu ngumu ni kama sentimita tatu tu. Kila ukinoa unaila. Siku tupa itakapoanza kuuma kwenye ncha, rudi hatua ya tatu. Na kichwa kikianza kuchanua kama uyoga, saga yale mabawa mara moja, kabla nyundo haijayarusha.